Lita Si Kilo: Jifunze Kupima Mafuta, Maziwa na Asali Bila Kupunjana

Je, jerikani ya mafuta ya kupikia ya lita 20 ina kilo ngapi? Kabla hujaendelea kusoma, jibu kwanza moyoni mwako. Kama umejibu kilo 20, usione haya. Mimi nimesoma hadi sekondari, ni mhudumu wa afya wa kujitolea, na kila wiki napima watoto wenu kwa mizani. Hata hivyo nilijibu hivyo hivyo, na jibu langu lilimkosesha nyanya mmoja mafuta yake, nami nikaitwa mwizi kwa wiki nzima.

Leo nataka tujifunze pamoja jambo hili dogo ambalo linaingia katika chakula cha kila siku: namna ya kugeuza kipimo cha lita kuwa kipimo cha kilo, na kilo kuwa lita, kwa vitu vya majimaji tunavyopikia. Huhitaji kuwa mwalimu wa hesabu. Ukiweza kujumlisha na kutoa pesa za sokoni, utaweza na hili.

ILIVYOTOKEA KATIKA KIKUNDI CHETU

Kikundi chetu cha akina mama kina watu kumi. Mnajua jinsi mgao wa chakula katika makazi ya wakimbizi Uganda ulivyoanza kupunguzwa mwaka 2020, na jinsi ulivyozidi kupungua miaka iliyofuata. Kuna familia zinazopokea chakula, kuna zinazopokea pesa, na kuna ambazo zimeondolewa kwenye orodha. Kwa hiyo tuliamua kuchanga pesa na kununua mafuta kwa pamoja, kwa sababu jerikani kubwa huwa na bei nafuu kuliko kununua kidogo kidogo.

Tulinunua jerikani moja iliyoandikwa lita 20. Mimi ndiye katibu. Niligawanya 20 kwa 10, nikapata 2, nikaandika kwenye daftari: "Kila mtu kilo mbili." Tukaazima mizani ya mezani kwa jirani anayeuza maharage. Kwanza tulipima chombo kitupu, halafu tukapima chombo na mafuta, tukatoa uzito wa chombo. Hapo sikukosea. Kila mama alipata kilo mbili kamili, wengine wakaiangalia mizani wenyewe na kutingisha kichwa kwa kuridhika.

Alipoondoka mtu wa tisa, tulimimina yaliyobaki kwa ajili ya mtu wa kumi. Mizani ikasoma gramu 400. Tukaiinua jerikani, tukaipindua, tukaisubiri ikatona mpaka tone la mwisho. Gramu 400 tu.

Mtu wa kumi alikuwa nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu. Alikuwa mwisho wa mstari kwa sababu miguu inamsumbua, na mjukuu wake mdogo alikuwa ametoka kwenye mpango wa lishe wiki chache tu zilizopita. Alikuwa amechanga sawa na wengine.

Minong'ono ikaanza. Kuna aliyesema mwenye duka ametuibia. Kuna aliyesema jerikani ililala kwangu usiku, kwa hiyo tujue wenyewe. Nilikwenda nyumbani nikalia. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyeiba hata tone. Jerikani ilikuwa na lita 20 kamili kama ilivyoandikwa. Kosa lilikuwa katika kalamu yangu: niliandika kilo mahali pa lita.

TOFAUTI YA LITA NA KILO

Lita hupima nafasi ambayo kitu kinachukua ndani ya chombo. Tunaita ujazo. Kilo hupima uzito wa kitu chenyewe. Chukua kikombe kimoja ukijaze pamba, halafu ukijaze mchanga. Nafasi ni ile ile, lakini uzito si mmoja. Vitu vya majimaji navyo viko hivyo, ila tofauti yake ni ndogo, ndiyo maana inatupita bila kuiona.

Maji ndiyo yanayotudanganya. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hili si jambo la bahati. Wafaransa walipotunga vipimo hivi mwishoni mwa miaka ya 1700 waliifanya kilo ifuate uzito wa lita moja ya maji. Kwa hiyo kwa maji lita ni sawa na kilo, nasi tukazoea kudhani kwamba kila kitu kinachomiminika ni hivyo.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Ushahidi unao jikoni kwako: ukimimina mafuta kwenye maji yanaelea juu. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Basi jerikani ya lita 20 ina kilo 18 na gramu 400. Sasa rudi kwenye hesabu yangu. Watu tisa mara kilo mbili ni kilo 18. Kilo 18.4 ukitoa 18 zinabaki gramu 400. Ndizo zile alizopata nyanya.

Haki ya kila mtu ilikuwa lita mbili, yaani kilo moja na gramu 840. Nyanya alipungukiwa gramu 1,440. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 za nguvu mwilini. Kwa hiyo zilizompotea ni karibu kilokalori 13,000. Mashirika ya misaada hupanga kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na kwa kipimo hicho alikosa nguvu ya siku sita za mtu mmoja.

NILIYOJIFUNZA JINJA

Baadhi yenu mnajua kwamba familia yetu ilivuka mpaka wa Malaba mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi Kenya. Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa kwanza Mulanda, karibu na Tororo, na baadaye mwaka huo wengi wetu tukahamishiwa hapa Kiryandongo. Lakini si ndugu wote waliopanda basi. Shangazi yangu alibaki Mbale, na binamu yangu akaenda kutafuta maisha Jinja. Baada ya ile aibu ya mafuta nilipata nafasi ya kuwatembelea, na nilikuta kosa langu linatembea huko pia, ila limevaa nguo nyingine.

Binamu yangu anakaanga chapati kando ya barabara. Mji wa Jinja, mtakumbuka, ndio wenye kiwanda kikubwa cha mafuta ya kupikia cha BIDCO, na mafuta hayakosi madukani. Shida ya binamu ilikuwa bei. Duka moja humuuzia mafuta kwa lita, na duka la pili humpimia kwa kilo. Siku zote alinunua penye namba ndogo.

Nikamwambia tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, duka la kwanza linauza lita kwa shilingi 8,000, na duka la pili linauza kilo kwa shilingi 8,500. Kwa macho duka la kwanza ni rahisi. Lakini kwenye duka la pili, lita moja ni gramu 920 tu, si kilo nzima. Zidisha 8,500 kwa 0.92 utapata shilingi 7,820. Kumbe duka la pili ndilo rahisi, kwa shilingi 180 kila lita. Mtu anayetumia lita 20 anaokoa shilingi 3,600.

Binamu alinitazama, akasema: "Dada, wewe ulisoma hesabu ya kunifanya nijute." Nikamwambia na mimi nimejuta kabla yake.

Kwa hiyo, msomaji, unapolinganisha bei ya mafuta, usilinganishe kilo na lita. Geuza kwanza zote ziwe kitu kimoja.

NILIYOJIFUNZA MBALE

Kutoka Jinja nilipanda gari la Mbale, tukapita Iganga na ile barabara ya Tirinyi yenye mashamba ya mpunga. Shangazi alinipokea kwa malewa, zile chipukizi za mianzi ambazo Wagisu hupika kwa karanga za kusaga. Yeye anauza asali ya mlima Elgon. Huinunua kwa kilo kutoka kwa wafugaji wa nyuki, na kuiuza rejareja.

Mteja akitaka kilo moja, shangazi alikuwa anamjazia chupa ya lita moja na kumkabidhi. Alikuwa analalamika kwamba biashara ya asali haina faida, ingawa wateja hawakauki. Nikaomba mizani. Tukapima chupa tupu, tukaijaza asali, tukapima tena. Asali peke yake ilikuwa karibu kilo moja na gramu 400.

Asali ni kinyume cha mafuta, ni nzito kuliko maji. Ukiiweka kwenye kikombe cha maji inazama mpaka chini. Kila mteja wa kilo moja alikuwa anaondoka na gramu 400 za bure. Asali ya kilo 14 ambayo shangazi alinunua, ilikuwa inamtoka kama kilo 10.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kumbe nyuki wananifanyia kazi mimi, na mimi nawafanyia kazi wateja." Siku ile ile tulipima kilo moja kamili kwenye chupa safi, tukaweka alama kwa nje. Alama ilifika kwenye mililita 715 hivi. Sasa anapima kwa alama hiyo, na mteja anapata kilo yake bila kudhulumiwa wala kuzidishiwa.

Tahadhari ya afya: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda, na huleta ugonjwa wa kulegea viungo na kushindwa kupumua. Asali nzuri ya Mbale nayo ni asali, na katazo ni hilo hilo.

JEDWALI LA KUBANDIKA JIKONI

Nakili mistari hii uibandike ukutani. Ni makadirio yanayotosha kwa jikoni na kwa kugawana.

Lita moja ya maji: gramu 1,000.
Lita moja ya mafuta ya kupikia: gramu 920.
Lita moja ya maziwa ya ng'ombe: gramu 1,030.
Lita moja ya asali: gramu 1,400.

Kijiko cha chai cha kipimo (mililita 5): mafuta gramu 4.6, maji gramu 5, asali gramu 7.
Kijiko cha mezani cha kipimo (mililita 15): mafuta gramu 14, maji gramu 15, asali gramu 21.

Kwa maziwa tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo nyumbani unaweza kuhesabu lita ni kilo bila madhara. Kwa mafuta na asali usifanye hivyo.

Mafuta ya mawese ambayo ndugu zetu wa Kongo wanayapenda, nayo ni mepesi kuliko maji kama mafuta mengine. Lakini asubuhi ya baridi yanaganda, yanaacha nafasi za hewa ndani ya kikombe. Yayeyushe kidogo kabla ya kuyapima kwa kikombe, au yapime kwa mizani. Na karanga za kusaga usizipime kwa kikombe kama mnagawana, kwa sababu zinashikana na kuacha mashimo. Tumia mizani.

NJIA RAHISI YA KICHWANI KWA MAFUTA

Si kila mtu ana kikokotoo. Shika maneno haya mawili tu:

Kutoka mililita kwenda gramu, toa 8 kwa kila 100.
Kutoka gramu kwenda mililita, ongeza 9 kwa kila 100.

Mfano wa kwanza: una chupa ya mafuta ya mililita 500. Kuna mia tano, kwa hiyo unatoa 8 mara tano, yaani 40. Unabaki na gramu 460.

Mfano wa pili: umeambiwa upike kwa mafuta gramu 200 na huna mizani. Unaongeza 9 mara mbili, yaani 18. Mimina mililita 218.

TUJARIBU KWENYE MGAO

Katika mipango ya mgao wa kilokalori 2,100, mafuta kwa mtu mmoja kwa siku mara nyingi hupangwa kuwa gramu 25. Siku 30 ni gramu 750. Sasa fikiria mtu anayegawa kwa kikombe akaona "750" akamimina mililita 750. Je, ametoa haki?

Hapana. Mililita 750 za mafuta ni gramu 690. Amepunguza gramu 60 kwa kila mtu. Ili mtu apate gramu 750 lazima amiminiwe karibu mililita 815. Kwa familia ya watu sita, upungufu ni gramu 360 kwa mwezi, na hakuna mtu aliyeiba. Kikombe tu kilichanganywa na mizani.

Hapa pia kuna somo la upande wa pili. Ukipewa bati la mafuta la lita 4 na ukalipeleka kwenye mizani, mafuta yake yatakuwa kilo 3 na gramu 680 hivi. Usikimbilie kusema umeibiwa. Soma kwanza kama bati limeandikwa lita au kilo. Ukiona upungufu baada ya kuhesabu vizuri, hapo una haki ya kwenda kwenye dawati la malalamiko ukiwa na namba zako mkononi. Malalamiko yenye namba husikilizwa upesi kuliko malalamiko yenye kelele.

KUPIMA VIZURI NYUMBANI

1. Tafuta chupa ya kipimo kinachojulikana. Chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa mililita 500 inafaa. Lakini kumbuka kwamba kiwandani haijazwi mpaka mdomoni, na ukiijaza mpaka juu kabisa utazidisha. Kabla hujaifungua mara ya kwanza, weka alama ya kalamu pale maji yanapoishia. Hapo ndipo nusu lita.

2. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na mafuta ya taa, dawa ya shamba au sabuni ya maji. Hata ukikiosha mara kumi, sumu hubaki kwenye plastiki.

3. Weka chombo mahali tambarare, inama macho yako yawe sawa na alama, ndipo usome. Ukiangalia kutoka juu utakosea.

4. Kwa kiasi kidogo tumia bomba la sindano jipya lisilo na sindano, au kile kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto. Kioshe kwanza. Usiokote bomba lililotumika kwenye taka za kliniki.

5. Vijiko vya nyumbani havilingani. Chukua kijiko chako cha chai, mimina maji kwa bomba la mililita 5, uone kama kinajaa. Ukishajua kipimo cha kijiko chako, kitunze kiwe cha kazi hiyo.

6. Kama una mizani, anza kwa kupima chombo kitupu na uandike. Mafuta yakishaingia, toa uzito ule wa chombo.

7. Mizani ya kuning'iniza tunayopimia watoto usiazime kwa kugawa mafuta. Mistari yake ni ya gramu mia mia, kwa hiyo haioni kiasi kidogo, na tena ni chombo cha watoto ambacho lazima kibaki safi.

8. Sokoni, angalia mizani ya muuzaji kabla hajaweka kitu. Lazima ianze kwenye sifuri. Mizani ya biashara nchini Uganda husimamiwa na Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, ambalo huikagua na kuiwekea alama. Ni halali yako kuuliza alama iko wapi, ukiuliza kwa adabu.

Kama unataka kuwaonyesha watoto, fanya hivi. Chukua chupa mbili zinazofanana kabisa. Moja ijaze maji, nyingine mafuta, zote mpaka alama moja. Zifunge kwenye ncha mbili za fimbo, na fimbo uining'inize kwa kamba katikati. Upande wa maji utashuka. Mtoto akiona hivyo mara moja hatasahau.

KWA WENYE MTOTO MGONJWA

Kuna mahali ambapo kuchanganya vipimo si suala la ugomvi wa majirani tu.

Wodini, watoto wenye utapiamlo mkali hupewa maziwa maalumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaeleza namna ya kutengeneza maziwa ya F-100 pale ambapo pakiti za tayari hazipo: maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 80, sukari gramu 50, mafuta ya kupikia gramu 60, mchanganyiko wa madini mililita 20, halafu maji mpaka yote yafike mililita 1,000. Angalia jinsi gramu na mililita zinavyokaa pamoja katika orodha moja. Anayechanganya akimimina mafuta mililita 60 badala ya gramu 60, amepunguza. Gramu 60 ni karibu mililita 65.

Angalia pia maneno "mpaka yote yafike mililita 1,000." Hayasemi "ongeza lita moja ya maji." Ukiweka lita nzima ya maji juu ya unga, sukari na mafuta, maziwa yatazidi lita moja na yatakuwa mepesi. Mtoto atashiba tumbo lakini hatapata nguvu aliyopangiwa na muuguzi.

Siandiki haya ili uyatengeneze nyumbani. Usijaribu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali anahitaji uangalizi wa wahudumu waliofunzwa, na maziwa haya yakitolewa vibaya yanaweza kumdhuru. Nayaandika ili uelewe kwa nini muuguzi anakuwa mkali kuhusu kikombe na alama zake, na kwa nini hupaswi kuongeza maji ili yatoshe siku mbili.

Chumvi ya kuharisha, yaani ORS, ina kanuni yake tofauti. Pakiti ya kawaida ya gramu 20.5 huyeyushwa katika lita moja kamili ya maji safi. Hapa unapima maji kwanza, lita nzima, ndipo unamimina pakiti yote. Soma pakiti yako, kwa sababu nyingine hutengenezwa kwa maji pungufu. Maji yakiwa kidogo chumvi inazidi na inamdhuru mtoto. Maji yakiwa mengi dawa haifanyi kazi yake. Zile chupa mbili za nusu lita zenye alama ndizo zinazofaa hapa.

Na kwa mtoto mzima wa afya aliyetimiza miezi sita, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye uji wake kinaongeza karibu kilokalori 40. Ni kitu kidogo, lakini kwa tumbo dogo lisiloweza kubeba uji mwingi ni msaada mkubwa. Ukiweza, chagua mafuta yenye alama ya F kwenye chombo, yaani yameongezwa virutubisho, yakiwemo vitamini A. Yafunike vizuri na uyaweke mbali na jua, kwa sababu mwanga huharibu vitamini hiyo.

TULIVYOMALIZA NENO

Niliporudi kutoka mashariki niliita kikundi tukakaa chini ya ule mwembe wetu. Nilibeba chupa mbili na fimbo. Niliwaonyesha maji yakishuka na mafuta yakipanda. Halafu nikafungua daftari, nikasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu, si la mwenye duka na si la mtu mwingine.

Hesabu ya kurekebisha ilikuwa hivi: kila mmoja wa wale tisa alikuwa amepata kilo mbili badala ya kilo moja na gramu 840, yaani alizidishiwa gramu 160. Tisa mara 160 ni gramu 1,440. Ukiongeza zile 400 za nyanya, unapata gramu 1,840, haki yake kamili bila kuzidi wala kupungua. Wengine mafuta yao yalikuwa yamebaki kidogo, walimimina siku ile ile. Wengine walikuwa wameyamaliza, wakalipa kwenye jerikani iliyofuata. Mimi nililipa ya kwangu kwanza.

Yule mama aliyesema jerikani ililala kwangu ndiye aliyebeba chupa mpaka nyumbani kwa nyanya. Nyanya alipoipokea aliniuliza: "Sasa mjukuu wangu, safari ijayo unaandika nini?" Nikamjibu: "Lita mbili." Akasema: "Haya. Na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye mstari."

Safari iliyofuata alikuwa wa kwanza, amekalia kiti.

Ndugu msomaji, kabla ya kugawana kitu chochote kinachomiminika, uliza swali moja: hii namba ni ya lita au ni ya kilo? Swali hilo halina gharama, na linaokoa mafuta, pesa na ujirani. Ukitaka kuweka alama kwenye chupa yako, njoo siku ya kupima watoto ukiwa na chupa safi. Nitakuwepo na bomba la kipimo na kalamu.